Cherehani ya Kukanyaga ya Kichwa Cheusi: Inamfaa Aliyepoteza Kazi Wakati wa Korona?

Jibu kwanza, kwa mwenye haraka: inamfaa, ila asiinunue kwa ajili ya barakoa tu, na asiitoe dukani kabla haijapita juu ya pindo la jinzi lililokunjwa mara mbili. Yanayofuata ni sababu.

Mashine yenyewe mnaijua. Kichwa cheusi cha chuma chenye maua ya rangi ya dhahabu, meza ya mbao, na chini yake miguu ya chuma yenye kanyagio pana, gurudumu kubwa na mkanda wa ngozi unaopanda hadi juu. Butterfly ya China ndiyo inayojulikana zaidi, Singer za zamani zinaifuata, na zipo nyingine zenye majina tofauti lakini umbo lile lile, kwa kuwa umbo hili ni la miaka mingi na viwanda vingi vinalitoa. Hapo ndipo penye nguvu yake ya kwanza: vipuri. Sindano ni ile ya kawaida ya cherehani za nyumbani, HA×1, yenye ubavu mmoja bapa. Bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, na kikombe chake, mara nyingi vya mashine hii vinaingia kwenye ile. Ukiharibikiwa Jumamosi jioni pale Majengo, hapa Dodoma, fundi wa jirani ana bobini ya kukuazima. Mashine ya plastiki yenye mishono thelathini iliyoletwa na ndugu kutoka nje haina ujirani huo.

Nguvu ya pili ni umeme, yaani kutouhitaji. Anayeanza upya hana fremu mjini. Ana kibaraza cha Nkuhungu au Chang'ombe, pengine chumba kimoja cha kupanga ambako LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba nzima na kila uniti ina maneno yake. Mashine ya mguu haiingii kwenye ugomvi huo.

Sasa barakoa, maana ndizo zilizowavuta wengi. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, na vyuo vikafuata, Dodoma iliumia mahali pake: walimu wa shule binafsi ambazo hazikuwa na ada ya kulipia mishahara, wenye steshenari na mama lishe waliokuwa wakitegemea wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Wengi walikimbilia cherehani. Hesabu yake ilikuwa tamu kwenye karatasi, na bado ni nzuri kuijua.

Kata vipande vya inchi 10 kwa 6. Kitambaa cha upana wa inchi 45, yadi moja, kinatoa vipande 24: vinne kwa upana, safu sita kwa urefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2020, lilishauri matabaka matatu: ndani pamba inayonyonya, katikati kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, nje kitambaa kisichonyonya maji kirahisi, kama poliesta au mchanganyiko wake. Kwa lugha ya dukani: ndani pamba, nje tetroni, na katikati kile kitambaa cha mifuko mbadala iliyojaa sokoni baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Wateja hupenda kitenge nje kwa urembo, na huo ni uamuzi wao, ila waambiwe. Lastiki, vipande viwili vya inchi 7 kwa kila barakoa, ni inchi 14. Kwa barakoa 24 unahitaji yadi 9 na theluthi, kwa hiyo nunua 10. Kosa la kila anayeanza ni pasi: anashona, anakunja mikunjo mitatu ya pembeni, kisha anapiga pasi ya moto wa pamba, na tabaka la katikati linayeyuka na kugandamana humo ndani bila kuonekana. Piga pasi pamba na tetroni kabla ya kuunganisha. Ukishaunganisha, pasi iwe ya uvuguvugu na juu yake uweke kitambaa kingine.

Kwa kazi hiyo cherehani ya kukanyaga inatosha na kubaki. Tatizo ni soko. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni 2020, shule zote 29 Juni, na barakoa zikalala kwenye masanduku ya wauzaji. Mwaka 2021 zikaamka tena, hasa kuanzia katikati ya mwaka na chanjo ilipozinduliwa Julai 28. Bidhaa inayolala mwaka na kuamka miezi mitatu hailipi kodi ya nyumba. Kilichoendelea kununuliwa muda wote huo, barakoa ziwepo zisiwepo, ni marekebisho ya mitumba na sare za shule. Kwa hiyo mashine ipimwe kwa kazi hizo mbili: kupunguza kiuno cha kadeti, kukata urefu wa jinzi, kubadilisha zipu, na kushona sketi ya marinda ya tetroni nzito.

Nenda dukani na mfuko wako mwenyewe: kipande cha kitenge, kipande cha kitambaa chepesi cha gauni, na mguu wa jinzi uliochakaa wenye mshono wa pembeni. Beba pia sindano mpya mbili, namba 14 na namba 16, na uzi wako. Muuzaji atakuwekea kipande cha tetroni alichokizoea, chenye ugumu kidogo, ambacho hata mashine mbovu inakishona vizuri.

Kabla ya uzi wowote, ondoa mkanda na uzungushe gurudumu la mkono kwa kidole kimoja, likija upande wako. Liende mzunguko mzima kwa uzito ule ule. Likiwa jepesi halafu zito mahali pamoja kila mzunguko, kuna chuma kinachosuguana au uzi uliojisokota nyuma ya gurudumu. La pili unaweza kulitoa kwa bisibisi. La kwanza ni la kumwachia mwenye duka. Kisha shika nguzo ya sindano na ujaribu kuitikisa kulia na kushoto. Mchezo mdogo wa unywele hauna neno, lakini ikigonga "tok tok", acha. Shusha sindano taratibu uangalie inapoingia: iwe katikati ya tundu la bamba. Sindano inayoegemea ukingo leo itaanza kukatika mwezi ujao, na fundi atakulaumu wewe kwamba unavuta kitambaa.

Pitisha kidole ukingoni mwa lile tundu. Ukihisi mkwaruzo, huko ndiko sindano za mwenzako zilikogonga kabla yako, hata kama mashine imefungwa nailoni na kuitwa mpya. Mkwaruzo huo hukata uzi. Unasuguliwa kwa msasa laini sana na unaisha, kwa hiyo usikatae mashine kwa sababu hiyo peke yake. Omba bei ishuke.

Sasa shona. Kitenge tabaka mbili, mshono wa kama milimita 2.5, mstari wa nusu mita. Geuza. Mafundo kati ya uzi wa juu na wa chini yasionekane upande wowote, yajifiche katikati. Halafu kitambaa chepesi, uone kama meno yanayosogeza kitambaa yanakila au kukikunja. Halafu jinzi: kunja pindo mara mbili na upite juu ya mshono wa pembeni, hapo ndipo penye matabaka mengi kuliko kote. Weka sindano namba 16. Pale mlimani utasaidia gurudumu kwa mkono, si aibu, mafundi wote wanafanya hivyo. Unachoangalia ni kama baada ya mlima mashine inarudi kwenye mshono wake au inaruka mishono mitatu minne. Ikiruka, badilisha sindano kwanza. Ikiendelea kuruka na sindano mpya, omba nyingine.

Halafu chini. Hapa wanunuzi wengi hawainami kabisa, na ndiko lawama nyingi zinakotoka. Kichwa, meza na miguu mara nyingi huuzwa kila kimoja na bei yake, na duka linaunganisha kizuri na kibaya. Ulizia bei tatu, usikubali bei moja ya jumla. Meza ya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi huvimba ikiloa maji mara moja tu ya kudeki, na skrubu zikishatoka hazishiki tena. Tafuta ubao wa mbao halisi. Kichwa kinashikwa na bawaba mbili zenye skrubu ndogo chini ya kitako. Zikiwa hazijakazwa, siku unayokilaza nyuma ili upake mafuta, kichwa chote kinadondoka sakafuni, nacho ni chuma kizito. Kaza mwenyewe mbele ya muuzaji. Tikisa fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu kubwa: ikicheza kwenye viungo vyake, utakanyaga kwa kelele na goti litachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Mkanda wa ngozi hulegea wiki za mwanzo. Hiyo ni tabia ya ngozi, wala si ubovu. Unatoa kibanio cha chuma, unakata kama nusu inchi, unatoboa na kubana upya. Usikate inchi nzima kwa hasira. Mkanda uliokazwa mno unaifanya mashine iwe nzito, nawe utadhani imekosa mafuta.

Mafuta yenyewe yana kisa chake hapa Dodoma. Kiangazi hewa ni kavu, upepo unaletea vumbi jekundu kila mlango ulio wazi, na kibaraza hakina mlango kabisa. Vumbi na manyoya ya uzi vikikutana na mafuta ya alizeti, yanageuka gundi. Ndiyo, alizeti, Dodoma na Singida hayakosekani jikoni, na mikono inayatafuta. Usithubutu. Nunua mafuta meupe ya cherehani, tone moja kila tundu, mara moja kwa wiki ukishona kila siku, kisha endesha mashine bila uzi dakika mbili na ushone kitambaa kibovu ili yanayozidi yatoke. Kila jioni toa kikombe cha bobini na upitishe brashi ya mswaki uliochakaa pale kinapokaa na katikati ya meno. Funika kwa khanga kuukuu. Mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikiitwa mbovu zina uchafu tu. Fundi anapiga brashi, anaweka mafuta, anapokea hela yake.

Matatizo mengine ya miezi ya mwanzo yana mzizi mmoja, uzi kupitishwa vibaya. Ukiona chini ya kitambaa kuna msitu wa uzi, akili inakuambia kosa liko chini kwenye bobini. Liko juu. Uzi wa juu haukuingia katikati ya visahani vya kubania, kwa kawaida kwa sababu uliupitisha mguu wa kubana kitambaa ukiwa chini. Mguu ukiinuliwa, visahani vinaachia na uzi unazama ndani. Basi inua, pitisha upya, na tatizo linakwisha. Kikombe cha bobini kipime hivi: kining'inize kwa uzi wake mwenyewe, kibaki kimening'inia, kitikise kidogo, kishuke kama inchi moja au mbili na kusimama. Kikiteremka moja kwa moja, kaza skrubu yake robo mzunguko. Kisiposhuka kabisa, legeza.

Sindano nayo. Ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi unaingilia upande huo wa mfereji. Ukiigeuza, mashine inaruka mishono au haishoni kabisa, na hakuna kukaza kutakakosaidia. Ukijaza bobini, legeza skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono ili sindano isipande na kushuka bure, na ukimaliza ukumbuke kuikaza. Wapo waliorudisha mashine dukani wakisema gurudumu linazunguka sindano haiendi.

Kujifunza kukanyaga kunachukua siku, si wiki, kama utaanza bila uzi. Ondoa mkanda, weka miguu yote miwili kwenye kanyagio, mmoja mbele kidogo, na ukanyage mpaka gurudumu liende upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Linaporudi nyuma uzi unajisokota na kukatika. Kisha rudisha mkanda, chora mistari kwenye karatasi ya daftari, sindano bila uzi, na ufuate mstari. Mistari iliyonyooka, halafu ya kona, halafu ya duara. Aliyekuwa mwalimu wa hesabu atacheka, lakini daftari moja la kurasa 40 likiisha kwa namna hiyo mkono umeshatulia. Kukata nguo ni somo jingine kabisa, refu zaidi; huko kaa kwa fundi au chukua kozi fupi ya VETA, vyuo vya ufundi stadi. Mashine haimfundishi mtu kukata.

Mapungufu yake sasa, maana wauzaji hawayataji. Inashona mshono ulionyooka tu. Haina zigizaga wala tundu la kifungo la mashine, na pindo za ndani za sare utazipeleka kwa mwenye ovaloki, mashine ya kuziba kingo zisichanike nyuzi, na kulipia kwa kipande. Vitambaa vinavyovutika kama vya fulana za michezo inavishona kwa taabu na mshono unakatika mtu akivaa. Mwendo wake ni mishono mia chache kwa dakika kwa mguu wa kawaida, wakati mashine ya kiwanda inafika 5,000. Ukipata oda ya sare za shule nzima, utaikimbiza mpaka usiku na bado utachelewa.

Je, basi uruke moja kwa moja kwenye ya kiwanda? Kwa aliyetoka kazi nyingine jana, hapana. Ile inakimbia kabla hujajua kuishika, inahitaji mafuta ya kujaza kwenye trei, sindano zake ni nyingine kabisa, za shina la duara, na mota ya zamani ya watt 400 ikifanya kazi saa tano inakula uniti 2. Zipo mota zinazozunguka pale tu unapokanyaga, hizo ni nafuu zaidi. Njia ya katikati ni mota ndogo ya pembeni inayofungwa kwenye kichwa hiki hiki cheusi. Inafaa kwa mistari mirefu ya mashuka na mapazia. Kwa zipu na kola mguu bado ni bora, kwa sababu unasimama pale unapotaka, mshono mmoja kabla ya kona.

Mtaji. Aliyekuwa ameajiriwa sekta binafsi na kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asisahau fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Kinachowakwamisha wengi ni barua. Ukiandika barua ya kujiuzulu kwa sababu mwajiri kakuomba "tumalizane kwa amani", fao limekwenda. Na kabla ya kwenda, hakikisha michango iliyokatwa kwenye mshahara ilifika kweli. Njia nyingine ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo kikundi cha mafundi wenye mashine tano za kukanyaga na ovaloki moja ya pamoja kina hoja kuliko mtu mmoja mwenye ndoto. Kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichotolewa miaka ile kilikuwa kwa ambaye mauzo yake hayakuzidi milioni 4 kwa mwaka, yaani kama 333,000 kwa mwezi. Fundi wa marekebisho aliyekuwa akianza alikuwamo humo; leo ulizia utaratibu uliopo.

Nani asiinunue: mwenye goti au mgongo unaomsumbua, na anayelenga nguo za kuvutika. Hao waangalie ya umeme tangu mwanzo.

Siku ya kuichukua, usikubali ipande guta ikiwa imekamilika. Legeza zile skrubu mbili za bawaba, toa kichwa, kifunge kwenye khanga na ukipakate kwenye bajaji. Meza na miguu vije na guta. Ukifika, weka miguu sakafuni kwanza na uitikise. Mguu unaopwaya uwekee kipande cha kadibodi kilichokunjwa kabla hujarudisha kichwa, maana mashine inayocheza inalegeza skrubu zake yenyewe, na wiki ya tatu utazikuta mbili chini ya kanyagio.